Nyota Uhura

Nyota Uhura, anayejulikana pia kama Luteni Uhura, ni mhusika wa Star Trek, tamthilia ya Marekani ya bunilizi ya kisayansi iliyoanza kurushwa na kituo cha NBC tarehe 8 Septemba 1966. Ni ofisa wa mawasiliano katika chombo cha anga Enterprise, karne ya 23, na lugha yake ya kuzaliwa ni Kiswahili. Waigizaji wake wakuu ni watatu: Nichelle Nichols (1966 hadi 1991), Zoe Saldaña (2009 hadi 2016) na Celia Rose Gooding (tangu 2022). Mhusika ni yule yule na karne anayoishi haibadiliki, kwa hiyo kila kinachowatofautisha Uhura hawa watatu kimetoka katika miaka ambayo hadithi zake ziliandikwa. Ndiyo maana hakuna kielelezo kizuri kuliko yeye cha namna tamthilia za muda mrefu kuhusu siku zijazo zinavyobeba alama za siku zilipotungwa.

Jina

Nichols alifika kwenye usaili akiwa na kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, riwaya ya mwaka 1962 kuhusu Kenya iliyokaribia kujitawala. Mtunzi wa Star Trek, Gene Roddenberry, alilipenda neno hilo, likalainishwa mwisho wake likawa jina la ukoo la mhusika. Ruark alikuwa mwandishi Mmarekani aliyeipenda Kenya ya wawindaji na walowezi, na kitabu chake hakikuandikwa kwa jicho la Mwafrika. Hata hivyo ni kwa njia hiyo ya kuzunguka ndipo neno la Kiswahili lilipoingia katika sebule za Wamarekani kila wiki. Jina la kwanza, Nyota, lilipendekezwa na mwandishi William Rotsler mwaka 1982, lakini halikutamkwa kwenye filamu hadi 2009.

Uhura wa Nichols

Nichols alizaliwa Robbins, Illinois, tarehe 28 Desemba 1932, na kabla ya Star Trek alikuwa mwimbaji na mchezaji dansi aliyewahi kuzuru na bendi ya Duke Ellington. Mwaka 1966 mwanamke mweusi katika televisheni ya Marekani kwa kawaida alikuwa yaya au mjakazi. Uhura aliketi kwenye sitaha ya uongozi, akiwa na cheo, na hakuna mtu katika hadithi aliyeshangaa kumwona pale. Huo ndio ushujaa mkubwa wa tamthilia hii, na haujachakaa.

Kilichochakaa ni kazi yenyewe aliyopewa. Waandishi wa 1966 waliweza kuwazia injini ipitayo kasi ya mwanga, lakini hawakuweza kuwazia mawasiliano yasiyo na mtu wa kuunganisha simu. Uhura wa mwanzo ana kifaa cha rangi ya fedha sikioni, mbele yake safu ya swichi na taa, na sehemu kubwa ya maneno yake ni kumwarifu nahodha kwamba njia ziko wazi au kwamba hakuna jibu. Ni kazi ya wasichana wa swichibodi waliokuwa katika kila ofisi ya posta na kila hoteli wakati huo, Nairobi kama Chicago. Kifaa cha sikioni kimegeuka kuwa kitu cha kawaida, na kila kondakta wa matatu leo anaweza kuwa nacho. Swichibodi imekufa.

Kiswahili chake kinasikika mara mbili katika mfululizo wa kwanza. Katika "The Man Trap", kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe kinachoishi kwa kufyonza chumvi ya miili ya watu kinachukua sura ya mwanamume mweusi kutoka katika mawazo ya Uhura na kumsemesha kwa Kiswahili. Naye anamjibu kwa lugha hiyo hiyo. Katika "The Changeling" (29 Septemba 1967) mashine inafuta kumbukumbu zake zote, ikabidi afundishwe upya kusoma Kiingereza kama mtoto wa darasa la kwanza. Anasoma sentensi fupi ya kitabu cha watoto, anakwama kwenye neno la rangi ya samawati, anakasirika, na hasira inatoka kwa Kiswahili. Muuguzi anamrudisha kwenye Kiingereza. Katika matukio yote mawili Kiswahili ni lugha ya moyoni, ya mvuto na ya hasira. Lugha ya kazi, ya amri na ya elimu ni Kiingereza. Mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa shule na ofisi nyingi za Kenya wakati huo, na ingawa haukuwa nia ya waandishi, ni ushahidi wa fikra za enzi.

Mavazi nayo yanasema mwaka. Sare ya wanawake ilikuwa gauni fupi mno, na la Uhura lilikuwa jekundu. Kwa Marekani ya 1966 mini ilikuwa alama ya mwanamke wa kisasa, na Nichols mwenyewe hakuiona kuwa udhalilishaji. Katika Dar es Salaam Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana mwishoni mwa 1968, na kuanzia 1 Januari 1969 mini, suruali za kubana na mawigi vikapigwa vita mitaani kwa madai ya kulinda utamaduni. Wakati huo huo, upande wa pili wa bahari, msemaji wa Kiswahili mashuhuri kuliko wote katika televisheni ya Marekani alikuwa amevaa karibu kila kilichokatazwa.

Baada ya msimu wa kwanza Nichols alimpa Roddenberry barua ya kujiuzulu ili arudi jukwaani. Kwa simulizi yake mwenyewe, wikiendi hiyo alikutana na Martin Luther King kwenye hafla ya kuchangisha fedha, na King akamsihi abaki, kwa kuwa nafasi ile ilikuwa imeonyesha watu weusi kama wanavyostahili kuonwa. Akabaki. Tarehe 22 Novemba 1968, katika "Plato's Stepchildren", Uhura na Kirk, nahodha mweupe wa Enterprise, wanabusiana kwa kulazimishwa na nguvu za viumbe wengine. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imefuta sheria zilizokataza ndoa baina ya watu weupe na weusi mwaka mmoja tu kabla, Juni 1967. Kwamba busu lenyewe lilihitaji kisingizio cha kulazimishwa kunaeleza mipaka ya 1968 vizuri kuliko hotuba.

Katika toleo la katuni, kipindi "The Lorelei Signal" cha 1973, wanaume wote wanapumbazwa na Uhura anashika uongozi wa Enterprise. Hiyo ilikuwa miaka ya harakati za wanawake. Filamu za baadaye hazikumwendeleza. Katika ya sita (1991), inayosimulia mwisho wa Vita Baridi kwa mfano wa Wakilingoni, maadui wakuu wa hadithi hizi, walioishiwa nguvu baada ya mlipuko uliofanana na Chernobyl, Uhura anaonekana akipekua kamusi za karatasi ili kumjibu mlinzi kwa Kikilingoni kibovu. Tukio lilikusudiwa kuchekesha. Nichols alilipinga, na alikuwa na haki: ofisa wa mawasiliano mwenye miaka 25 kazini asiyejua lugha ya adui mkuu ni kosa la mwandishi.

NASA na setilaiti ya Uhuru

Mwaka 1977 NASA ilimwajiri Nichols kuwatafuta wanawake na watu wa jamii zilizoachwa nje wajiunge na wanaanga. Kundi la watu 35 lililochaguliwa 1978 lilikuwa na Sally Ride, Guion Bluford, Judith Resnik na Ronald McNair. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza mweusi angani (Septemba 1992), alimtaja Uhura kuwa chanzo cha ndoto yake. Akiwa mwanafunzi wa udaktari alikuwa amefanya kazi Kenya, na mwaka 1993 aliigiza katika kipindi kimoja cha Star Trek.

Miaka minne baada ya Uhura kutokea kwenye runinga, tarehe 12 Desemba 1970, jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi lilirusha setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Iliitwa Uhuru kwa heshima ya sikukuu ya taifa la Kenya siku ile. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miali hiyo, na Riccardo Giacconi aliyeongoza kazi yake alipata Tuzo ya Nobel 2002. Setilaiti haikupewa jina la mhusika wala mhusika jina la setilaiti. Vyote viwili vilichota katika kisima cha miaka ile ambapo neno hilo lilisikika duniani kote.

Uhura wa Saldaña na wa Gooding

Filamu ya 2009 ilimgeuza kuwa mtaalamu wa lugha za viumbe wa sayari nyingine, anayezijua lahaja zote tatu za Kiromula. Katika ya 2013 anawakabili Wakilingoni peke yake na kuzungumza nao kwa lugha yao. Kosa la kamusi za 1991 lilisahihishwa hapo.

Mfululizo wa Strange New Worlds, ulioanza 5 Mei 2022, unamwonyesha Uhura wa Gooding akiwa kadeti. Katika kipindi cha pili anaeleza kwamba alilelewa Kenya, kwamba wazazi na kaka yake walikufa katika ajali ya chombo cha usafiri, na kwamba nyanya yake ndiye aliyebaki naye. Anajua lugha 37. Amepewa huzuni, shaka na nafasi ya kukataa kazi, mambo ambayo mhusika wa 1966 hakuruhusiwa kuwa nayo. Kipindi cha kwanza cha mfululizo huu kilitumia picha halisi za uvamizi wa bunge la Marekani wa 6 Januari 2021 kueleza chanzo cha vita vya siku zijazo. Picha hizo zitakiwekea tarehe kama gauni fupi lilivyofanya.

Uraia

Waandishi wa miaka ya 1960 walimtaja Uhura kuwa raia wa Muungano wa Nchi za Afrika, dola moja ya bara zima. Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ulikuwa umeundwa Addis Ababa 1963, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafuata 1967, na muungano wa bara ulikuwa ndoto iliyosemwa kwa sauti na marais. Jumuiya ilivunjika 1977. Uhura wa 2022 anatoka Kenya. Amepata nyumba na nyanya, jambo jema, lakini dola kubwa aliyozaliwa nayo imesinyaa ikawa nchi moja yenye mipaka iliyochorwa na wakoloni. Ni mabadiliko makubwa kuliko ya mavazi, na hayajajadiliwa vya kutosha.

Doctor Who

Tamthilia nyingine ya muda mrefu inayobeba alama za siku zake ni Doctor Who ya BBC, iliyoanza 23 Novemba 1963, siku 19 kabla ya uhuru wa Kenya. Daleki, maadui wake wakuu, walitungwa kwa mfano wa Wanazi. Kipindi cha 1977, "The Talons of Weng-Chiang", kilimpaka mwigizaji mweupe ili awe Mchina, na leo hakitazamiki bila maelezo. BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960. Vipindi tisa vilivyotangazwa kupatikana Oktoba 2013 vilikuwa vimehifadhiwa Jos, Nigeria. Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali 1992 na kukulia Uskoti baada ya familia yake kukimbia mauaji ya kimbari, aliigiza Daktari wa kumi na tano, mhusika mkuu, hadi Mei 2025.

Watazamaji wa Kenya

Televisheni ilianza Kenya 1962, ikawa chini ya Sauti ya Kenya kuanzia 1964. Watoto wa mashamba ya mahindi ya upande wa Eldoret hawakukua na runinga. Ilipofika ilikuwa runinga ndogo ya Greatwall, ya picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari iliyopelekwa sokoni kuchajiwa. Mmoja alipanda kuzungusha antena kwenye mti, mwingine akapaza sauti kutoka ndani kusema kama chenga zimepungua. Kwenye runinga ya namna hiyo gauni jekundu la Uhura ni la kijivu. Filamu za kigeni zilizoenea zaidi mashambani zilikuwa zile za vibanda vya video, hasa zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Sheng na watu kama DJ Afro.

Mifululizo mirefu ya Kenya imekuwa ya vichekesho na mahakama, kama Vitimbi na Vioja Mahakamani. Bunilizi ya kisayansi ya Kenya na jirani zake ni fupi: Pumzi ya Wanuri Kahiu (2009), yenye dakika 21 hivi, inaonyesha Afrika Mashariki baada ya vita vya maji, na Kizazi Moto (2023) ni mkusanyiko wa katuni kumi wenye kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii na Mganda Raymond Malinga.

Hali ya sasa

Nichols alifariki 30 Julai 2022. Sehemu ya majivu yake ilirushwa angani Januari 2024. Msimu wa tatu wa Strange New Worlds ulitoka Julai 2025, na imetangazwa kwamba mfululizo utakoma baada ya msimu wa tano.