Mkato wa Kushtua

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016, mwaka uleule Juba ilipoandaa tamasha lake la kwanza la filamu. Mazungumzo ya mjini ni ya Kiarabu cha Juba, lakini wengi walirudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na Kiswahili chao, na kijana anayejifunza kuhariri kwa lugha hii anastahili istilahi itakayomwongoza mkono. Ile mbinu ya filamu za kutisha inayomrusha mtazamaji kitini tunaweza kuiita «mshtuo wa ghafla», na atakayesikia ataelewa. Hata hivyo jina hilo linamtazama aliyeketi ukumbini na kumsahau aliyeketi kwenye mashine ya kuhariria. Linataja matokeo tu. Napendekeza «mkato wa kushtua», kwa sababu hofu hiyo hutengenezwa pale mhariri anapokata.

Tazama Cat People, filamu ya Jacques Tourneur ya mwaka 1942. Mwanamke anatembea usiku, nyayo zinamfuata, kisha zinanyamaza. Anaharakisha, anakimbia. Tunamngojea mnyama, unapasuka mlio mkali kama wa chui, na basi linaingia kwenye picha na kusimama mbele yake. Hakuna kilichomgusa. Mhariri, Mark Robson, aliijenga hofu yote kwa kupima kimya na kuamua kikatwe wapi, na watengenezaji wenzake wakaja kuiita mbinu hiyo «basi».

Atakayedai kwamba hapo kilichoshtua ni sauti, si picha, amesema nusu ya ukweli: sauti nayo hukatwa, na hii ilitangulizwa kabla jicho halijapata maelezo. Kwamba mkato ni pia alama ya uandishi si kikwazo. Mzizi ni wa mti na wa neno, na hakuna anayechanganyikiwa. Pingamizi zito linatoka The Exorcist III (1990), ambamo kamera imetulia kwa muda mrefu ikitazama ujia wa hospitali, muuguzi akienda na kurudi, karibu bila kukatwa. Lakini hata pale anayetutesa ni mhariri: anajua tunasubiri mkato, naye anatunyima. Ndiyo maana istilahi hii inahitaji mwenzake, «kuchelewesha mkato», na mwalimu wa uhariri angefanya vyema kuanza na huko kuchelewesha.