Betri, Waya na Mafundi wa Ukambani

Bwawa la Kindaruma lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 1968, na la Kiambere mwaka 1988, yote mawili yakiwa katika mto Tana unaopakana na Kitui, umeme wake ulikwenda zake Nairobi, ilhali vijiji vingi vya wilaya ile viliendelea kuwasha koroboi. Kwa hiyo umeme wa kwanza kuingia katika nyumba nyingi za Kitui na Makueni haukuletwa na nguzo bali ulibebwa: betri ya gari, imefungwa nyuma ya baiskeli, ikipelekwa sokoni kutiwa chaji, kisha ikirudishwa nyumbani kuendesha redio na, kwa wenye nafasi, televisheni ndogo.

Mwaka 1984 shule ya harambee ya Karamugi, huko Meru, iliwekewa sola kwa juhudi za Wamarekani wawili, mwalimu Mark Hankins na mhandisi Harold Burris, na mafundi wenyeji wakafunzwa kazi hiyo. Miaka kumi haikutimia ila paneli za wati 10 au 12 zilikuwa zikiuzwa madukani kama bidhaa nyingine yoyote. Elimu, lakini, haikwenda kwa kasi ya biashara.

Fundi aliyeitwa kufunga sola Zombe, Kitui, au Kathonzweni, Makueni, aghalabu alikuwa na maarifa ya namna mbili, ya gari na ya stima ya mjini, na kila moja lilikuwa sahihi mahali pake. Wala sioni insafu kumwita mjinga mtu aliyekosea kwa kuwa anajua. Kutoka kwa stima alichukua waya wa milimita mraba 1.5, ambao kwa volti 240 hupeleka wati 60 mbali bila taabu, kwa kuwa mkondo wake ni robo ya ampea tu. Lakini kwa volti 12 wati zizo hizo zinataka ampea 5, na waya ule, ukivutwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, humeza zaidi ya volti moja njiani. Taa zikififia mwenye nyumba hulaumu betri, hununua nyingine, na fundi huiunganisha sambamba na ile kuukuu, ambayo huinyonya mpya hata zote mbili zikawa taabani. Swichi nazo zilikuwa za stima, ambayo mkondo wake hufika sifuri mara 100 kila sekunde na cheche ikazimika yenyewe. Mkondo wa betri haupumziki, na cheche yake hula shaba.

Kutoka kwa gari alirithi imani kwamba betri hujazwa mara tu inapotumika. Ndivyo ilivyo barabarani, ambako injini ikishawaka huirudishia chaji papo hapo. Nyumbani betri ile ilinyonywa hadi usiku wa manane, na sahani zake za risasi zikaganda salfeti. Kidhibiti chaji kiliwekwa kuzuia hayo, lakini kilipokata umeme katikati ya taarifa ya habari, baba mwenye nyumba alimwagiza fundi akiruke, naye akatii.

Mwaka 2012 serikali ilitoa kanuni za sola zilizowagawa mafundi katika daraja tatu za leseni. Mwaka huohuo Kitonyoni, Makueni, ilipata mtambo wa kilowati 13.5 wa kuhudumia soko zima, na Ikisaya, Kitui, kituo cha kukodisha taa na kutia chaji, ambako nyaya zilikuwa mikononi mwa wasimamizi.

Kisha ikaja inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa stima, ikazikutanisha sanaa mbili zile chini ya paa moja. Inveta ya wati 1000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka betri ya volti 12, mkondo unaotaka kebo nene na fyuzi karibu na betri, navyo mara nyingi havipo. Tangu mradi wa kuunganisha nyumba za mashambani na stima ulipoanza mwaka 2015, limezuka kosa jipya: fundi huingiza umeme wa inveta katika soketi za nyumba bila swichi ya kubadilisha, na stima inaporudi hukutana nayo uso kwa uso. Inveta huungua; na stima isiporudi, umeme wa betri hutoka kwa njia ya mita hadi kwenye nyaya za nguzoni, ambako fundi wa kampuni ya umeme yuko kazini akidhani zimekufa.