Soko la Hariri la Granada

Mji wa Granada uko kusini ya nchi ya Hispania, chini ya milima ambayo vilele vyake huvaa theluji sehemu kubwa ya mwaka. Katikati ya mji, karibu na kanisa kuu, iko njia nyembamba iitwayo Zacatín, na kando yake vichochoro vya soko liitwalo Alcaicería. Leo twataka kuwachukua wasikilizaji wetu hata huko, kwa kuwa majina hayo, ingawa yaonekana mageni, ni ndugu wa maneno tuliyoyazoea. Alcaicería ni neno la Kiarabu, na ndani yake mna jina la Kaisari. Fes na Marrakesh nako kuna masoko ya jina hilo hilo. Zacatín ni njia ya wachuuzi wa vitu vikuukuu. Na uwanja ulio mwisho wa njia, Bib-Rambla, ni Lango la Mchanga: neno lile lile la mchanga ndilo lililotupa sisi ramli, maana waaguzi wa kale walichora mistari yao mchangani.

Hata ulipofika mwaka 1492 Granada ulitawaliwa na wafalme Waislamu wa ukoo wa Nasri, na Alcaicería ilikuwa mali yao. Bidhaa yake kubwa ilikuwa hariri. Katika mabonde ya Alpujarras, kusini ya mji, wakulima walipanda miforsadi na kuwalisha viwavi majani yake. Kiwavi akiisha kujizungushia uzi wake, hutiwa katika maji ya moto, na uzi hukunjuliwa polepole usikatike. Kazi ya subira nyingi, ambayo mtoto hujifunza kwa kumtazama mamaye. Hariri ililetwa sokoni, ikapimwa, ikatiwa muhuri na kutozwa ushuru. Kwa hiyo soko lililindwa kama hazina: usiku malango yalifungwa, na walinzi walizunguka vichochoroni pamoja na mbwa wao. Wafanyi biashara wageni walifikia ng'ambo ya mto Darro, katika nyumba kubwa yenye ua katikati, ambayo sasa huitwa Corral del Carbón, nayo ingali imesimama.

Tarehe 2 Januari 1492 mji ukaingia mikononi mwa Fernando na Isabel, wafalme wa Kikristo. Soko hawakulivunja, ushuru wake ukawa wao. Watu wa mji waliahidiwa, kwa mapatano ya mwaka 1491, kwamba watashika dini yao na sheria zao. Ahadi haikudumu. Kufikia mwaka 1502 walikuwa wamekwisha kulazimishwa kuchagua ubatizo au kuhama. Wengi wakabatizwa, wakaitwa Morisco, wakaendelea kufuga viwavi na kusokota hariri kama kwanza.

Mwaka 1567 ikatangazwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili: Morisco waache lugha ya Kiarabu, waache mavazi yao, waache na hamamu zao. Ndipo mzee mmoja, Francisco Núñez Muley, alipomwandikia Pedro de Deza, mkuu wa baraza ya hukumu ya Granada, kumsihi amri isitimizwe. Hoja zake zastahili kusikilizwa hata leo. Alisema kwamba vazi ni desturi ya nchi, si dini; kwamba Mashariki wako Wakristo wasemao Kiarabu na kuvaa Kiarabu, na hakuna awakanaye Ukristo wao. Tena alisema neno la mtu ajuaye soko: mavazi hayo yakipigwa marufuku, wenye maduka, wafua fedha na mafundi wote waishio kwa kazi hizo watapoteza mali yao. Hakusikilizwa.

Katika Desemba 1568 Alpujarras wakaasi. Vita vilikuwa vikali, na ukatili ulikuwa wa pande zote mbili. Vita havijaisha bado, mwaka 1570, Morisco wapatao 80,000 waliondolewa katika nchi ya Granada, wakatawanywa katika miji ya Castilla. Na kati ya 1609 na 1614 Morisco wote wa Hispania wakafukuzwa. Wageni walioletwa kukaa Alpujarras, wengine walitoka hata nchi za kaskazini, wala hawakulelewa na mforsadi.

Wengi husimulia kwamba kilichoua soko hilo ni moto. Ni kweli kwamba katika Julai 1843, usiku, moto ulianza katika duka la mtengenezaji wa viberiti, ukateketeza Alcaicería karibu yote, maana vichochoro vilikuwa vyembamba na mbao zilikuwa nyingi. Lakini sisi twaona ya kuwa moto ule uliunguza maduka tu. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kudhoofu tangu siku ile watu wake walipotolewa njiani, nayo haikurudi nguvu zake za kwanza.

Soko lilijengwa upya, dogo kuliko la awali, njia zake zimenyoshwa, na matao yake yamechongwa kwa kuiga ujenzi wa Waislamu wale wale waliofukuzwa. Mto Darro nao ulifunikwa katika karne hiyo hiyo, na barabara ikapita juu yake. Siku hizi wasafiri hununua humo visanduku vya mbao vilivyotiwa nakshi, vyombo vya udongo, mifuko ya ngozi na vipepeo vya mkono. Mitandio nayo imetundikwa milangoni, ya rangi zote.