Gari na Mvua: Habari za Cheche ya Injini

Gari liendeshwalo kwa petroli ni chombo cha moto, na tangu zamani moto na maji havipatani. Gari lililokimbia vizuri wakati wote wa kiangazi huweza kuamka asubuhi ya masika likikohoa, likitetemeka, na kukosa nguvu za kupanda mlima. Jua likipanda, ugonjwa hutoweka kana kwamba haukuwako. Watu wengi husema, "Ni mvua tu," wakaiacha habari hapo. Lakini mvua iyo hiyo imelinyea gari la jirani, nalo halikohoi. Basi hatuna budi kuuliza maji yaliingia wapi, na yalifanya nini. Jibu twalipata katika historia ya kitu kidogo sana, yaani cheche ya injini.

Ndani ya kila silinda, mchanganyiko wa petroli na hewa hubanwa na pistoni, kisha huwashwa na cheche inayoruka kati ya ncha za plagi. Injini yenye silinda nne, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, huhitaji cheche 6,000 katika dakika hiyo moja, yaani 100 kwa kila sekunde. Umeme wa betri ya volti 12 hauwezi kuruka nafasi ile. Lazima kwanza uongezwe nguvu hata ufikie maelfu ya volti. Na umeme wa nguvu kiasi hicho una tabia ya maji yaliyozuiwa kwa boma: ukipata ufa mahali popote, hutokea hapo.

Mafundi wa kwanza walitaabika sana kwa jambo hili. Mwaka 1902, Gottlob Honold, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani, alikamilisha magneto, chombo kilichotoa umeme wa nguvu nyingi bila kuhitaji betri. Gari la Ford Model T, lililoanza kutengenezwa mwaka 1908, lilikuwa na koili nne, moja kwa kila silinda, zilizotiwa katika visanduku vya mbao. Mbao hunyonya unyevu, na unyevu huupa umeme njia ya kutorokea. Baadaye Charles Kettering, Mmarekani wa mji wa Dayton, alibuni mpango wa betri, koili moja, na distribyuta ya kugawa umeme kwa plagi zote. Kampuni ya Cadillac iliutia mpango huo katika magari yake ya mwaka 1910, na kwa miaka mingi magari ya dunia yaliufuata.

Hata hivyo maji hayakushindwa. Mwaka 1959 lilitokea huko Uingereza gari dogo lililosifiwa sana, Mini, kazi ya mhandisi Alec Issigonis. Ili kupata nafasi, injini yake ilikaa kwa upande, na distribyuta ikaelekea mbele, nyuma tu ya matundu ya kupitishia upepo. Mvua iliponyesha, maji yaliruka moja kwa moja juu ya waya za umeme, na gari likazimika njiani. Dawa yake haikuwa injini mpya, bali kinga ya kuzuia maji yasiifikie distribyuta.

Huku kwetu mvua ilitoa mtihani wake mbele ya watu wote. Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953, ambayo baadaye yaliitwa East African Safari, yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanywa wakati wa Pasaka, mvua zinapoanza. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakamaliza 7 tena. Mara zote mbili washindi walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, katika gari la Peugeot 404. Matope, mito na mawe yaliangusha wengi. Lakini kila dereva alijua ya kuwa katika safari kama ile, kuzikinga waya za umeme na maji ni kazi ya kufanywa kabla ya kuondoka.

Sasa tuangalie jinsi fundi mwenye busara anavyotafuta ubovu huu. Kwanza huuliza: gari hukohoa asubuhi yenye umande, au baada ya kupita dimbwi? Kisha hungoja giza, akafungua boneti injini ikinguruma, akatazama bila kugusa kitu, maana umeme ule ni wa hatari. Mara nyingi huona vicheche vya samawati vikitambaa juu ya waya zilizochakaa. Asipoona kitu, hunyunyiza maji machache, mfano wa umande, juu ya waya mmoja, kisha wa pili, kisha juu ya kifuniko cha distribyuta. Injini ikishtuka, mahali hapo ndipo penye ubovu. Baadaye huizima injini, akakifungua kifuniko na kutafuta ufa mwembamba kama unywele, au mstari mweusi wa kaa. Kaa hilo ni alama ya njia ambayo umeme umekwisha kujichomea, nalo hupitisha umeme hata kifuniko kikikauka. Hapo kitambaa hakitoshi. Kifuniko lazima kibadilishwe. Na ikiwa umeme ni mzima, hutazama kwingine: chujio la hewa lililolowa, au maji katika petroli.

Magari mengi ya siku hizi hayana distribyuta. Kila plagi ina koili yake juu. Kompyuta ya gari huweza kutaja silinda inayokosa kuwaka. Lakini haikuambii kama sababu ni koili yenye ufa, au maji yaliyotuama katika shimo la plagi. Kazi hiyo yamngoja fundi, na njia yake ni ile ile: kujaribu kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mwenye kubadilisha vitu vitano pamoja huenda akalitengeneza gari, lakini hatajua lililokuwa likiliumiza, na mwenye gari atalipia vinne vilivyokuwa vizima.

Jambo hili si dogo. Gari linalokohoa usiku wa mvua huenda limembeba mgonjwa. Vijana wengi wanaosoma kitabu hiki watamiliki magari, au watayatengeneza. Na wakumbuke kwamba mara nyingi mvua haileti ubovu mpya, bali huonyesha ufa uliokuwako tangu kiangazi. Na mwenye busara huutafuta ufa huo kabla mawingu hayajakusanyika.