Gasketi za Kukata kwa Mkono: Historia ya Kuzuia Oili katika Gereji za Songea

Gasketi ni tabaka jembamba linalolazwa kati ya vyuma viwili vinavyofungwa pamoja kwa bolti, ili oili, maji au moshi visipenye. Hata chuma kilichosawazishwa vizuri kiwandani kina mikwaruzo na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho. Tabaka laini likibanwa katikati huyajaza mabonde hayo. Gari la zamani lina maungio mengi ya namna hii: kava ya tapeti juu ya injini, kava ya taiming mbele, sampu chini, pampu ya maji, kava za giaboksi, difu. Gasketi zake zilikuwa za karatasi nene, koki au asbestosi, na zote huzeeka. Karatasi hukauka na kukatika, na koki hunywea ikawa ngumu. Hapo oili huanza kutona.

Katika mji wa Songea, makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, gasketi iliyozeeka haikuwa rahisi kupata mbadala wake dukani kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Bandari ilikuwa mbali, reli ilikuwa mbali, na barabara ya kufikia vyote viwili ilikuwa ya vumbi kiangazi na matope masika. Kukata gasketi kwa mkono kulikuwa kazi ya kila siku ya fundi, naye alipaswa kuijua vizuri, kwa sababu gari alilolitengeneza vibaya lingekwama porini likiwa na mzigo na watu.

Wakati wa utawala wa Waingereza, Songea ilikuwa wilaya ya Jimbo la Kusini, ambalo makao yake yalikuwa Lindi na baadaye Mtwara. Mzigo mkubwa wa wilaya ulikuwa tumbaku ya moshi, iliyokusanywa na chama kikuu cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilichoanzishwa mwaka 1936. Tumbaku hiyo ililazimu malori kwenda mamia ya kilomita kabla ya kufika bandarini. Kilomita 24 hivi magharibi ya mji, watawa Wabenediktini waliofika Peramiho mwaka 1898 walijenga karakana zilizofundisha vijana useremala, uhunzi na, magari yalipoingia, umakenika. Karakana ya misheni ilikuwa na tabia moja iliyofaa sana nchi ya mbali: kipuri kilichoweza kutengenezwa hapo hapo hakikuagizwa ng'ambo.

Kukata gasketi hakukuanzia Afrika Mashariki. Makenika wa Ulaya na Marekani wa mwanzo wa karne ya 20 walifanya hivyo hivyo, na viwanda viliwauzia karatasi na koki kwa vipande vikubwa ili wakate wenyewe. Koki ni gome la mti unaoota Ureno na Hispania, lile lile linalotengenezewa vizibo vya chupa. Richard Klinger wa Austria alipata sifa kwa Klingerit, bamba la nyuzi za asbestosi zilizoshindiliwa pamoja na mpira, lililostahimili mvuke na joto. Kampuni ya Permatex ilianza Marekani mwaka 1909 ikiuza gundi za maungio, na katika miaka ya 1950 Rolls-Royce ilishiriki kutengeneza Hylomar, gundi ya buluu isiyoganda, kwa ajili ya injini za ndege. Bidhaa kama hizi zilizifikia gereji za mbali kwa taabu, na zilipofika zilitumika kwa kubana.

Gari lililowafunza kazi hii mafundi wengi lilikuwa Land Rover. Lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na aina ya pili ikatoka mwaka 1958. Lile refu la 109, lililoitwa hivyo kwa inchi 109 zilizo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, lilibeba maofisa, mapadre, wagonjwa na askari. Lilikuwa imara na rahisi kufungua, lakini lilivuja. Oili ilitoka kwenye difu, kwenye giaboksi, na hasa kwenye vibumba vya duara vinavyowezesha matairi ya mbele kukata kona. Kwa upande mwingine, maungio yake mengi yalikuwa bapa na bolti zake zilionekana wazi. Fundi mwenye kipande cha boksi na nyundo angeweza kuyaziba karibu yote.

Uhaba mkubwa wa vipuri ulikuja mwishoni mwa miaka ya 1970. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, hivyo spea zilizokuwa zikitoka Nairobi zikakatika. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula fedha za kigeni, na bei ya mafuta duniani ikapanda wakati huo huo. Mashirika ya umma yaliyokuwa na jukumu la kuagiza magari na vipuri hayakuwa na fedha za kuagizia. Nako Ruvuma mzigo ulikuwa ukiongezeka: serikali ilinunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakalima zaidi, na mahindi hayo yalihitaji malori. Yaani malori yalitakiwa zaidi wakati ule ule vipuri vilipotoweka. Katika miaka hiyo gasketi ya boksi iliweka barabarani magari ambayo yangeozea uani, na mchango huo haujaandikwa inavyostahili katika historia ya uchumi wa kusini.

Malighafi ilitoka kwa chochote kilichokuwepo. Boksi la sabuni au la bia lilifaa kava za pembeni. Karatasi ya kaki ya mfuko wa saruji, ambayo ni nyembamba na ina nyuzi ndefu, ilifaa pampu na giaboksi. Jalada la faili la ofisini lilikuwa bora kuliko yote mawili, kwa kuwa limeshindiliwa sawasawa na halina mawimbi ndani. Ngozi ilitumika mahali pasipo na joto kali. Mpira wa tyubu ya tairi ulishawishi wengi, na hapo ndipo ujuzi ulipotenganisha fundi na mbahatishaji: mpira wa tyubu huzuia maji vizuri, lakini ukigusana na oili huvimba, hulainika na kuteleza nje ya maungio. Mpira unaostahimili oili ni wa aina nyingine, uliovumbuliwa Ujerumani katika miaka ya 1930, na haupatikani kwenye tyubu.

Namna ya kukata imebaki ile ile. Kwanza mabaki ya gasketi ya zamani hukwanguliwa hadi chuma kiwe safi. Boksi hulazwa juu ya kava, kisha fundi hugonga kidogo kidogo kwa upande wa duara wa kichwa cha nyundo akifuata ukingo. Ukingo wa chuma chenyewe ndio unaokata. Matundu ya bolti hutangulia: gololi ya beringi huwekwa juu ya tundu na kugongwa mara moja, na duara safi hutoka. Yakishapatikana matundu mawili, bolti huingizwa ili boksi lisihame, kisha kazi huendelea. Kwenye kava ya aluminiamu nyundo haifai, kwa sababu aluminiamu ni laini na ukingo utabonyea. Hapo fundi hupaka oili chafu kwenye uso wa kava, huubandika juu ya karatasi, na alama iliyobaki hukatwa kwa wembe au mkasi. Gasketi iliyokamilika hupakwa grisi pande zote mbili, ili isishike chuma na ili siku ya kufungua tena itoke bila kuchanika.

Kuna jambo ambalo mwanafunzi huchelewa kulielewa, nalo ni unene. Gasketi ya sampu ikiwa nene kidogo haileti madhara. Lakini katika baadhi ya pampu za oili na giaboksi, unene wa karatasi ndio unaoamua nafasi kati ya gia na kava. Ukiwa mnene mno, presha ya oili hushuka. Ukiwa mwembamba mno, gia husugua chuma. Kwa sababu hiyo fundi makini haitupi gasketi iliyochanika kabla ya kuilinganisha na karatasi mpya, hata kwa kuzipapasa tu kwa vidole.

Kufunga nako ni kazi. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kupokezana, kidogo kidogo. Sampu ya bati ikikazwa kwa nguvu, sehemu zinazozunguka matundu ya bolti huingia ndani na zile za katikati yake huinuka, na uvujaji huzidi. Dawa yake ni kuifungua, kuilaza juu ya chuma bapa na kuinyoosha kwa nyundo. Koki huhitaji uvumilivu zaidi: iliyonywea hulowekwa kwenye maji ili irudie ukubwa wake, na baada ya injini kupata moto mara chache hukazwa tena kidogo.

Mara nyingi gasketi huadhibiwa kwa kosa lisilo lake. Injini iliyochoka hupitisha moshi wa mlipuko pembeni ya ringi za pistoni hadi kwenye sampu. Moshi huo una bomba lake la kupumulia. Likizibwa na masizi na vumbi, presha hujengeka ndani na kuisukuma oili nje kupitia maungio yaliyo dhaifu zaidi. Mwenye gari atabadilisha gasketi mara tatu na oili itaendelea kutoka. Kusafisha bomba la hewa ni kazi ya dakika chache na haigharimu kitu, lakini inahitaji fundi aliyeielewa injini nzima. Vivyo hivyo oili inayotoka nyuma ya injini, karibu na klachi, mara nyingi hutokana na oili sili inayozunguka shafti, na hakuna boksi litakaloiponya.

Mpaka ambao gasketi ya mkono haiuvuki ni silinda hedi. Kwenye sampu presha ni ndogo mno. Ndani ya silinda ya injini ya zamani ya petroli, kubana hewa peke yake hufikisha presha mara 8 hadi 12 ya ile ya hewa ya kawaida, na mlipuko huizidisha mara kadhaa, wakati maji na oili vinapita sentimita chache pembeni. Karatasi huungua hapo ndani ya dakika chache. Viwanda vilitumia asbestosi iliyofunikwa kwa shaba. Wakati wa uhaba gasketi hizo zilifunguliwa kwa uangalifu na kurudishwa. Washa za shaba za nozeli na za bolti ya kumwagia oili zilitiwa motoni hadi zikawa nyekundu ili zirudie ulaini wake, kwani shaba iliyobanwa huwa ngumu na moto huilainisha. Mbinu hiyo ni sahihi kitaalamu na bado inatumika.

Asbestosi ilikuwa na gharama ambayo haikuonekana gerejini. Nyuzi zake zikivutwa na pumzi hukaa kwenye mapafu na huweza kusababisha saratani miaka mingi baadaye. Uingereza iliikataza kabisa mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Magari yaliyotengenezwa kabla ya hapo yangali yakifunguliwa. Anayekwangua gasketi ya zamani ya hedi au ya ekzosi, akapuliza vumbi kwa mdomo au kwa kompresa, anajihatarisha yeye na mwanagenzi aliyesimama karibu. Kulowesha maungio kwa maji au oili kabla ya kukwangua hupunguza sana vumbi hilo, na jambo hili linapaswa kuwa somo la kwanza kwa kila kijana anayeshika spana.

Njia ya kupata spea ilianza kufunguka taratibu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970, ilipita Makambako. Barabara ya lami kutoka Makambako kupitia Njombe na milima ya Lukumburu ilifika Songea katikati ya miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na biashara ikalegezwa zaidi kuanzia mwaka 1986. Miaka ya 1990 ikaleta magari yaliyotumika kutoka Japani, na pamoja nayo seti kamili za gasketi na mirija ya gundi ya silikoni.

Silikoni ilibadilisha kazi. Toyota nyingi hazina gasketi ya sampu tangu kiwandani. Zimezibwa kwa silikoni tu. Fundi hupaka mstari mmoja mwembamba, hufunga, husubiri ikauke. Tatizo huja inapopakwa nyingi kwa kudhani kwamba wingi ndio usalama. Ziada hubanwa kuelekea ndani, hukatika, huelea kwenye oili na kuziba chujio la pampu, na injini hufa kwa kukosa oili ingawa haivuji hata tone. Hedi za kisasa nazo hutumia gasketi za matabaka ya chuma zinazodai uso ulionyooka kabisa. Hizo hazikatwi kwa mkono wala hazirudishwi.

Kwa hiyo kazi ya nyundo na gololi imebaki kwenye maeneo yake: Land Rover za zamani, giaboksi na difu za malori, pampu za maji, na injini za dizeli za mashine za kusaga vijijini, ambazo gasketi zake hazipatikani katika kila duka. Malighafi yenyewe imeboreka, kwani maduka ya spea huuza mabamba ya gasketi yasiyo na asbestosi, ya karatasi iliyotiwa mpira unaostahimili oili, na fundi hununua kipande kinachotosha kazi yake. Bamba hilo hukatwa kama boksi lilivyokatwa: matundu kwanza, ukingo baadaye, grisi pande zote mbili, bolti kutoka katikati.