Ada ya Makaratasi: Ile Pesa Inatokea Mkishakubaliana Bei

Wasee, leo ni historia, lakini ni historia ya kitu kiko mfukoni mwako.

Ukinunua gari kuna bei mbili. Ya kwanza ni ile mnaongea mkiwa nje, unapiga tairi teke kama mtu anajua anachotafuta. Ya pili inatokea ukishakaa kwa ofisi, deposit imeshaingia, na unaletewa karatasi iko na mstari hamkuwahi kuuongelea. Ada ya makaratasi. Ada ya mkataba. Ada ya kushughulikia logbook. Jina hubadilika kulingana na yadi, lakini kazi yake ni moja: kukuongezea bei wakati umeshachoka kubishana.

Wengi hudhani hii ni ujanja wa Nairobi. Si wa Nairobi. Marekani wamepigana nayo karibu miaka 70, na vita vyao vinafunza kitu kimoja ambacho ningetaka ubaki nacho: sheria ikilazimisha bei iwe wazi mahali pamoja, pesa ya kufichwa haifi. Inahama, inabadilisha jina, inakungoja mlango unaofuata.

Stika ya 1958

Viwanda vya Marekani viliacha kutengeneza magari ya raia mwaka 1942 ili vitengeneze silaha. Vita vilipoisha 1945, watu walikuwa na pesa na magari hayakuwepo. Muuzaji alikuwa mfalme. Ulichukua gari na vikorokoro ambavyo hukuitisha, na ulisema asante.

Kufikia katikati ya miaka ya 1950 mambo yaligeuka. Viwanda vilikuwa vinamwaga magari, na wauzaji walikuwa wanang'ang'ania mteja mmoja. Ungetarajia bei ishuke. Badala yake wengi waliipandisha kwanza. Tuseme gari ni la dola 2,500. Muuzaji anakwambia ni 3,000, halafu anajifanya kukupa dola 500 zaidi kwa gari lako kuukuu unalobadilisha. Unaenda nyumbani ukijiona mjanja, kumbe hujapewa kitu.

Kulikuwa pia na malalamiko ya usafiri hewa. Mnunuzi alitozwa nauli ya gari kana kwamba limetoka Detroit, hata kama limeunganishwa kwa kiwanda kiko karibu na kwao. Safari haikufanyika lakini ililipiwa. (Mtu wa Mombasa aliyewahi kulipia "usafiri" asioujua atanielewa.)

Seneta mmoja wa Oklahoma, Mike Monroney, aliongoza vikao vya kuchunguza biashara hii, na mwaka 1958 sheria ikapita. Kila gari jipya lazima liwe na stika kwa dirisha inayoonyesha bei iliyopendekezwa na kiwanda, bei ya kila nyongeza, na gharama ya kulisafirisha hadi kwa muuzaji. Anayeibandua kabla gari halijamfikia mnunuzi anaweza kupigwa faini ya hadi dola 1,000 kwa gari moja. Mpaka leo stika hiyo inaitwa kwa jina la Monroney.

Ilikuwa ushindi mkubwa. Lakini angalia mashimo yake. Bei ya kwa stika ni pendekezo tu, muuzaji anaweza kuongeza. Gari lililotumika halimo kabisa. Na stika iko kwa dirisha la gari, haiko kwa meza ya ofisi.

Pesa ikahamia mezani

Meza ndiyo ada ya makaratasi hukaa. Maelezo yake ni mazuri: kuna fomu za kujaza, kuna hati ya umiliki ya kupeleka serikalini, kuna namba za gari za kuitisha, na mfanyakazi lazima alipwe. Lakini ada za serikali zenyewe unalipa kando. Hii ni ya muuzaji.

Kila jimbo liliamua lake. New York kuna kikomo cha dola 175. Florida hakuna kikomo, na si ajabu ukutane na ada ya karibu dola 1,000. Gari lile lile, fomu zile zile, tofauti ni mpaka wa jimbo. Kama ada ingekuwa kweli ni bei ya kujaza fomu, ingewezaje kutofautiana hivyo?

California ndiyo hunichekesha zaidi. Kule kikomo ni dola 70 kwa muuzaji wa kawaida, lakini yule ameunganishwa kielektroniki na idara ya magari anaruhusiwa kutoza 85. Soma tena. Kompyuta ilikuja kurahisisha kazi, na ada ikapanda.

Halafu kuna ule mstari maarufu: "Hii hatuwezi kuitoa, ni sheria." Katika majimbo kadhaa, muuzaji akiamua kutoza ada hii lazima atoze kila mtu sawa, ili asibague wateja. Sheria nzuri. Lakini mezani inageuzwa kuwa kana kwamba serikali ndiyo imeamuru ulipe. Haijaamuru. Na hakuna kinachomzuia muuzaji kushusha bei ya gari kwa kiasi hicho hicho.

Desemba 2023, tume yao ya biashara ya kitaifa, FTC, ilitangaza kanuni mpya: muuzaji aseme bei kamili ambayo mtu yeyote anaweza kulipa aondoke na gari, ukitoa ada za serikali peke yake. Tume ilikadiria wanunuzi wangeokoa zaidi ya dola bilioni 3.4 kwa mwaka, na saa milioni 72 za kuzungushwa. Vyama vya wauzaji vikaenda kortini. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikaifuta kanuni hiyo kabla haijaanza kutumika. Korti haikusema ada ni nzuri. Ilisema tume iliruka hatua moja ya utaratibu wa kutunga kanuni. Hivyo tu.

Sasa turudi kwetu

Sisi hatukuwa na Monroney. Magari yaliyotumika yalianza kumiminika kutoka nje baada ya soko kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na yadi zikaota kila kona. Karatasi ya gari wakati huo ilikuwa karatasi kweli. Usajili ulikuwa chini ya KRA, fomu ya kuhamisha umiliki ilijazwa kwa kalamu, na faili ilikuwa na tabia ya kupotea hadi mtu aitafute. Yadi ikikwambia "tuna kijana wa kukufuatilia logbook", ilikuwa inakuuzia kitu: siku zako za kupiga foleni. Hiyo ada, hata kama ilikuwa ghali, ilikuwa na miguu.

NTSA iliundwa na sheria ya 2012, na taratibu shughuli zikahamia mtandaoni. Leo anayeuza anaanzisha uhamisho kwa akaunti yake, anayenunua anakubali kwa yake na kulipa ada ya serikali, pamoja na ile 50 bob ya eCitizen ambayo sote tunaijua. Yule kijana wa foleni hana foleni tena. Lakini pesa yake ingali kwa invoisi.

Binamu yangu alinunua Demio kwa yadi moja hapa Nairobi apeleke kwa teksi za app. Bei ilikuwa imekwisha, pesa ya chama imetumwa. Ndipo akaambiwa 15,000 ya makaratasi. Kwa mtu wa kipato kizuri hiyo ni hasira ya siku moja. Kwake ilikuwa pesa ya bima. Akakosa kulipa siku hiyo, na yadi ikakaa na uhamisho wiki kadhaa huku gari limeegeshwa na mkopo unahesabu.

Hapa ndipo hii kitu huacha kuwa ya kuchekesha. Kwa Sheria ya Trafiki, aliye na jina kwa usajili ndiye anachukuliwa kuwa mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo, na umiliki ukibadilika, gari halifai kutumika zaidi ya siku 14 kabla mwenye mpya hajasajiliwa. Kwa hivyo anayekalia uhamisho wako hajakalia fomu. Amekalia gari lako. Nguvu ya ada ya makaratasi iko hapo: inaitishwa na mtu anayeshika kitu ambacho huwezi kuishi bila.

Najua wenye yadi watasema kazi ipo. Kweli ipo. Kuna watu wa kulipa na kuna makosa ya kurekebisha. Lakini kodi ya yadi pia ipo, na mlinzi wa usiku pia yupo, na sijawahi kuona invoisi iko na mstari wa mlinzi. Hizo ni gharama za kuuza magari. Ziweke ndani ya bei ya gari, uniambie bei moja, niamue.

Na si ati hatuna sheria. Sheria ya Ushindani ya 2010, kifungu cha 56, inasema mteja ana haki ya kuambiwa na mtoa huduma ada zote anazokusudia kumtoza, kwa jina lolote zitakaloitwa, na inakataza kumtwisha ada ambayo hakujulishwa mapema. Aliyeandika "kwa jina lolote" alijua mchezo. Shida ni kwamba tunaambiwa tukiwa tumeshalipa, na hakuna mtu huenda kushtaki juu ya 15,000.

Kwa hivyo usiulize "gari ni ngapi?" Uliza hivi: "Nikilipa ngapi, logbook inasoma jina langu na sidaiwi shilingi nyingine?" Uliza kabla ya deposit, na ujibiwe kwa maandishi, hata kama ni WhatsApp. Akikataa kuandika, umeshajua bei ya pili ipo.

Wamarekani waliweka bei kwa dirisha, pesa ikahamia mezani. Sisi meza tunaijua tayari. Tuanze hapo.