Kanda Zilizokufa Zikinakiliwa

Sisi tuliozoea kunakili miswada twaamini ya kuwa nakala ndiyo iiokoayo matini isipotee. Mnakili aweza kukosea herufi, hata kuruka mstari mzima. Lakini asili hubaki mahali pake, nasi twaweza kuirudia. Katika makala haya nakusudia kueleza habari za kazi moja ya muziki ambayo kunakiliwa kwake ndiko kulikoiangamiza asili.

Mtunzi wake ni William Basinski, Mmarekani aliyezaliwa Houston mwaka 1958, kisha akahamia New York. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alinasa vipande vifupi vya muziki wa redioni, akaunganisha ncha za kila ukanda hata ukawa kitanzi kijizungukacho bila kikomo. Muziki wa namna hiyo hauna kisa wala kilele. Humzunguka msikilizaji kama hewa ya chumbani. Kanda hizo zikawekwa, zikakaa karibu miaka 20.

Mwaka 2001, akiwa Brooklyn, Basinski alianza kuzihamishia katika chombo cha kidijitali ili zisiharibike. Hapa yafaa ifahamike jinsi ukanda ulivyotengenezwa. Sauti haikai katika plastiki. Hukaa katika unga mwembamba wa oksaidi ya chuma, ulioshikizwa juu ya plastiki kwa gundi. Gundi ikizeeka, hulegea, na unga huambuka. Basi kila kitanzi kilipopita mbele ya kichwa cha mashine, unga kidogo ulibanduka, na palipobanduka pakawa kimya. Mtunzi hakuizima mashine. Aliacha kitanzi kizunguke hata mwisho wake, na chombo kikaandika kufa kwake. Sehemu ya kwanza, ambayo aliiongezea sauti ya kinanda cha umeme, yapita saa moja.

Kazi hiyo ilikwisha karibu na tarehe 11 Septemba, 2001. Siku hiyo ya Septemba 11 Basinski alikuwa juu ya paa, akapiga picha za sinema za moshi uliopanda ng'ambo ya mto, katika saa ya mwisho ya mchana. Picha hizo zikawa majalada ya sahani zilizotoka mwaka 2002 na 2003, kwa jina la The Disintegration Loops, nayo kazi ikatolewa kwa kuwakumbuka waliokufa. Tarehe 11 Septemba, 2011, okestra iliipiga sehemu ya kwanza katika jumba la makumbusho la Metropolitan, kwa mpango wa ala ulioandikwa na Maxim Moston. Ndipo wanadamu walipolazimika kuiga kwa ala zao pengo lililofanywa na unga uliodondoka. Mwaka 2012 sehemu zote nne zilitolewa upya pamoja.

Swali la mhariri ni hili: matini ni ipi? Kama ni muziki wa miaka ya 1980, basi wasikika mwanzoni tu, na yafuatayo ni uharibifu. Kama ni kazi ya 2001, basi uharibifu ndio utungo wenyewe, na fundi atakayesafisha mikwaruzo yake atakuwa amefuta maneno ya mwandishi. Mimi naishika rai ya pili. Kitanzi kilikuwa karatasi. Kilichoandikwa juu yake ni wakati.

Hata hivyo, tusilichukue jambo hili kuwa ruhusa. Basinski alikuwa mwenye mali, naye alichagua. Kanda ya mzee aliyesimulia utenzi wake haikuchagua kufa, wala haina mtunzi wa pili wa kuugeuza ukimya wake kuwa sanaa. Kwa kanda ya namna hiyo, kuisikiliza mara ya kwanza baada ya miaka mingi huenda ndiko kuisikiliza mara ya mwisho. Kwa hiyo mnakili na aiandae mashine ya kunasa kabla hajaugusa ukanda, aandike tarehe na chombo alichotumia, wala asiondoe chochote katika nakala ya kwanza. Usafishaji na ufanywe katika nakala ya pili. Sheria hiyo twaijua katika miswada. Kanda zaidai zaidi, kwa kuwa hazingoji.